Mtamba Wako Ataanza Kutoa Maziwa Lini? Mwongozo Kamili kwa Wafugaji wa Goma na Vilima Vyake

Mtu akinunua mtamba wake wa kwanza, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, awe Mushaki, Kibumba au kwenye parseli (kiwanja) yake huku Ndosho, swali huwa ni lile lile: maziwa yatatoka lini? Jibu fupi ni siku atakapozaa. Hakuna ng'ombe anayetoa maziwa kwa sababu amefikisha umri fulani, wala kwa sababu amenona. Anatoa kwa sababu amebeba mimba mpaka mwisho na kuzaa.

Lakini jibu hilo fupi limewatia wengi hasara, kwa sababu wanakaa wakingoja siku ya kuzaa kana kwamba kazi inaanzia hapo. Siku hiyo unavuna tu. Wingi wa maziwa utakayokamua umeshaamuliwa na mambo yaliyotangulia: uzito wa mtamba alipopandishwa, tarehe uliyoandika au uliyosahau kuandika, na jinsi alivyolishwa miezi miwili ya mwisho ya mimba. Kwa hiyo tutafuata safari yote tangu mwanzo, na tutakaa zaidi pale ambapo wafugaji wa kwetu hupoteza maziwa mengi.

Yanayotokea ndani ya kiwele

Kiwele kina sehemu nne, kila moja na chuchu yake, na maziwa ya sehemu moja hayapiti kwenda nyingine. Ndiyo maana chuchu moja inaweza kuugua huku tatu zikitoa maziwa safi.

Ndama jike anazaliwa na mirija michache tu ndani ya kiwele. Anapobalehe, mirija hiyo hurefuka na kugawanyika. Vifuko vidogo vinavyotengeneza maziwa hujengeka wakati wa mimba, hasa katika nusu yake ya pili. Homoni ya mimba iitwayo projesteroni inafanya kazi mbili kwa pamoja: inasaidia kujenga vifuko hivyo, na inavizuia visianze kazi mapema. Mimba inapofika mwisho projesteroni hushuka ghafla, homoni nyingine iitwayo prolaktini inapata nafasi, na maziwa yanaanza kutiririka. Kazi ni nzito: ili kupata lita moja ya maziwa, damu kiasi cha lita 400 hadi 500 hupita kwenye kiwele. Ng'ombe aliyekonda au mwenye kiu hawezi kuibeba kazi hiyo hata awe wa mbegu gani.

Kuna nyakati utaona maziwa bila ndama aliye hai. Mimba ikiharibika kuanzia mwezi wa saba hivi, ng'ombe anaweza kuanza kutoa maziwa, ingawa kidogo. Hapo usifurahi. Mwite veterineri, maana bruselosi ni miongoni mwa magonjwa yanayotupa mimba katika miezi hiyo, na inaambukiza watu. Usishike mtoto aliyetupwa wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Vifukiwe mbali na mbwa. Na mtamba ambaye hajapandishwa akionyesha chuchu moja imevimba na kutoa majimaji, huo ni ugonjwa wa kiwele. Mara nyingi chanzo ni nzi, au ndama wenzake wanaonyonyana.

Hatua ya kwanza: hakikisha mtamba anaweza kuzaa

Kabla hujatoa pesa, uliza kama alizaliwa pacha. Mtamba aliyezaliwa pamoja na pacha dume, katika visa zaidi ya tisa kwa kila kumi, ni tasa. Anakua vizuri, ananona, anavutia macho, na hatakupa hata glasi moja. Muuzaji mjanja hatakuambia mwenyewe; uliza majirani zake.

Ukiambiwa "huyu ana mimba tayari", taka apimwe. Veterineri mwenye uzoefu huingiza mkono kwa njia ya haja kubwa na kuitambua mimba kuanzia miezi miwili hivi. Gharama ya kipimo ni ndogo ukilinganisha na bei ya mtamba mwenye mimba, ambayo siku zote huwa juu.

Hatua ya pili: pima uzito, acha kuhesabu miaka

Balehe ya ng'ombe hufuata mwili kuliko kalenda. Mtamba wa Friesian, ng'ombe wa kisasa wa maziwa, aliyelishwa vizuri anaweza kuzaa akiwa na miezi 24. Ankole, ng'ombe wa kienyeji, anayejitafutia majani mlimani mara nyingi huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu, hata minne. Chotara wapo katikati, na anayewasogeza mbele au nyuma ni wewe na lishe unayowapa.

Kanuni ni kumpandisha mtamba anapofikia kama asilimia 60 ya uzito wa jike mzima wa aina yake. Kwa Friesian ni kilo 330 hivi, kwa chotara wetu wengi kilo 250 hadi 280, kwa Ankole kama kilo 210. Ukimpandisha mdogo kuliko hapo, atashika mimba ndiyo, lakini mfupa wa nyonga utakuwa mwembamba, kuzaa kutakuwa vita, na maziwa yatakuwa haba kwa sababu bado mwili wake unajijenga.

Huna mzani? Tumia kamba. Mita ya fundi cherehani ina sentimita 150 tu na haitoshi kumzunguka, kwa hiyo zungusha kamba kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha ipime kamba hiyo chini. Halafu pima urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa matako. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Mtamba mwenye mzingo wa sentimita 160 na urefu wa 130 ana kilo 307 hivi. Si hesabu ya duka la dhahabu, ila inatosha kabisa kuamua.

Hatua ya tatu: mkamate kwenye joto

Jike asiye na mimba huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, kati ya 18 na 24. Joto lenyewe ni fupi: saa 12 hadi 18. Dalili ya kuaminika ni moja, kwamba anasimama tuli wenzake wanapompanda. Nyingine zinasaidia tu: kulia ovyo, kutotulia, kupunguza kula, ute mwembamba unaong'aa kama yai bichi ukining'inia nyuma.

Wafugaji wa ng'ombe mmoja kwenye parseli wana shida hapa, kwa sababu hakuna mwenzake wa kumpanda. Itabidi umtazame mwenyewe asubuhi mapema na jioni, dakika ishirini kila mara, bila kumsumbua. Joto nyingi hutokea usiku na alfajiri. Anayemtazama saa sita mchana pekee ataona ng'ombe mpole tu kila siku.

Ukiliona joto asubuhi, mpandishe jioni hiyo. Ukiliona jioni, mpandishe kesho asubuhi. Yai hutoka baada ya dalili kwisha, kwa hiyo mwenye haraka sana hukosa sawa na aliyechelewa.

Kama ni fahali, chagua kwa ukubwa wa mtamba, wala usichague kwa sifa ya fahali. Fahali mkubwa wa Brown Swiss juu ya mtamba mdogo wa kienyeji ni njia ya kupata ndama asiyepita. Uliza pia afya yake, kwa sababu fahali anayezungushwa kijiji kizima huzunguka na magonjwa ya kizazi. Kama ni uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mbegu za fahali bila fahali mwenyewe, mbegu zilizogandishwa lazima zikae ndani ya azoti ya maji (naitrojeni ya kimiminika, baridi kali) muda wote. Muulize fundi azoti yake ilijazwa lini. Ikikauka hata mara moja, mbegu zimekufa, na hazifufuki kwa kugandishwa tena.

Tarehe ya kupandishwa iandikwe siku hiyo hiyo kwenye kaye (daftari), ukutani, popote pasipopotea. Siku ya 18 hadi 24 baadaye mtazame tena. Asiporudi kwenye joto, kuna matumaini. Baada ya miezi miwili mpimishe.

Hatua ya nne: hesabu mbele, kisha rudi nyuma

Mimba ya ng'ombe ni siku 280 hivi, yaani miezi tisa na kama wiki moja. Friesian na Jersey huwa karibu na hapo. Brown Swiss wanaweza kufika 290, na wa kienyeji nao hupitisha siku kadhaa. Mtamba aliyepandishwa tarehe 10 Machi mtegemee tarehe 15 Desemba, akitangulia au kuchelewa wiki moja usishtuke.

Kutoka tarehe hiyo rudi nyuma uandike nyingine mbili. Siku 60 kabla, 16 Oktoba, ni siku ya kumkausha, yaani kuacha kumkamua, kama anakamuliwa. Siku 21 kabla, 24 Novemba, ni siku ya kuanza kumwongezea pumba. Mtamba hana cha kukaushwa, lakini tarehe ya pili inamhusu sana.

Wenye uwezo wa kuchagua msimu wafikirie majani. Huku kwetu kiangazi kikali ni kuanzia katikati ya Juni hadi Agosti. Anayepandishwa tarehe 10 Desemba atazaa karibu 16 Septemba, mvua zikiwa zimerudi na majani yakichipuka, na maziwa yatapanda pamoja na majani. Lakini kuna deni: miezi miwili ya mwisho ya mimba, ambapo ndama hukua kwa kasi kuliko wakati wowote, itaangukia Julai na Agosti. Kama huna nyasi za tembo ulizopanda au nyasi ulizokausha, hesabu hiyo nzuri itakugeuka. Mimi ningependelea kuzaa Oktoba na ghala la nyasi kuliko Septemba na mikono mitupu.

Hatua ya tano: miezi miwili ya mwisho

Kuanzia mimba inaposhika hadi mwezi wa saba, mpe majani ya kutosha, maji, jiwe la chumvi, dawa ya minyoo kama veterineri anavyoelekeza, na umwogeshe kupe bila kuruka wiki. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, inaua ng'ombe wa kisasa haraka, na kupe hawajali kama ana mimba.

Halafu inakuja miezi miwili ya mwisho, na hapa ndipo maziwa ya mwaka mzima yanapopatikana au kupotea.

Ng'ombe anayekamuliwa lazima apumzike siku kama 60 kabla ya kuzaa tena, ili vifuko vya kiwele vijijenge upya. Najua ni vigumu. Mtoto ana karo ya shule, mteja wa maziwa yupo mlangoni, na ng'ombe bado anatoa lita tatu. Lakini anayemkamua mpaka wiki ya kuzaa anakula mbegu: msimu unaofuata atapata pungufu kila siku, na ndama atakuta maziwa ya kwanza yasiyo na nguvu. Kumkausha si kumkamua nusu nusu. Punguza pumba kwa wiki moja, kisha siku ya mwisho mkamue mpaka tone la mwisho, mtie dawa ya kukaushia katika kila chuchu kama veterineri ameishauri, na uache kabisa. Kiwele kitajaa siku mbili tatu, kitaonekana kama kinaumia, halafu maziwa yatanyonywa na mwili. Usikiguse, ila ukiona joto, wekundu au uvimbe wa upande mmoja.

Ng'ombe wa kienyeji wengi hujikausha wenyewe, kwa hiyo wenye Ankole hawana kazi hii.

Wiki tatu kabla ya kuzaa anza kumpa pumba za mahindi au za ngano, nusu kilo kwa siku, ukiongeza taratibu hadi kilo mbili au tatu kwa mwenye mwili mkubwa. Machicha ya pombe yanafaa, yakiwa mabichi na hayajachacha. Shina la mgomba, ambalo wengi mjini hulitegemea, ni maji zaidi ya chakula. Linajaza tumbo na kukata kiu, haliwezi kubeba mimba peke yake. Wala usimnoneshe kupita kiasi: mbavu zisionekane zote, lakini zihisike kwa mkono. Ng'ombe mnene sana huzaa kwa taabu, na baada ya kuzaa hukataa kula.

Mtamba umzoeshe sasa. Mpitishe kila siku mahali utakapomkamulia, mguse mgongo, tumbo, kisha kiwele kwa nje. Ila usimkamue. Anayekamua "kuona kama yameanza" anazibua chuchu kabla ya wakati, vijidudu vinaingia, na maziwa ya kwanza ya ndama yanamwagika.

Hatua ya sita: zisome dalili

Kwa mtamba, kiwele huanza kujaa wiki nne hadi sita kabla. Kwa ng'ombe aliyekwisha kuzaa huweza kuwa wiki mbili tu au chini ya hapo. Mtamba anaweza kuvimba mpaka chini ya tumbo, na ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Uvimbe huo baridi, wa pande zote, ni wa kawaida.

Zikikaribia siku mbili za mwisho, mishipa ya pande mbili za shina la mkia hulegea na kubonyea, sehemu ya uzazi huwa kubwa na laini, chuchu hujaa na kung'aa, na huenda tone zito la manjano likaonekana kwenye ncha. Kisha anajitenga na wenzake na kutafuta pa kujificha.

Hapo wenye mifugo upande wa Mugunga, Bulengo na Lac Vert wawe macho. Ng'ombe anayetaka kuzaa hupenda kushuka bondeni na kwenye mashimo ya mawe ya volkano, na ndiko mazuku hukaa. Hewa hiyo nzito haina rangi wala harufu ya kukuonya, hulala chini, hasa usiku na asubuhi kabla upepo haujaamka, na huua mbuzi, ng'ombe na watu. Ndama aliyelala chini ndiye wa kwanza kuivuta. Wiki ya mwisho mfunge karibu na nyumba, mahali palipoinuka, kwenye matandiko mazito ya nyasi kavu au takataka za mbao. Mawe ya lava yanachana magoti na chuchu.

Hatua ya saba: siku ya kuzaa

Kwanza atahangaika saa mbili hadi sita, mtamba hata zaidi: analala, anaamka, anageuka kujitazama. Mwache. Kisha chupa ya uzazi, ule mfuko wa maji, hutokea, na nyuma yake miguu miwili ya mbele, kwato zikitazama chini, na pua juu yake. Huo ndio mpangilio mzuri. Ukiona mguu mmoja, mkia, au kwato zinazotazama juu, pigia veterineri simu sasa. Na hata kama kila kitu kiko sawa, akisukuma kwa nguvu saa moja bila hatua yoyote, piga simu. Barabara ya kwetu itakula saa nyingine. Kuvuta kwa wanaume wanne na kamba kumeua ndama wengi na kuvunja mama zao.

Ndama akitoka, safisha pua na mdomo, msugue kwa nyasi kavu, chovya kitovu kwenye iodini, kisha mwachie mama amlambe. Mlambo huo unamwamsha ndama na kuamsha maziwa ya mama. Kondo la nyuma litoke ndani ya saa 12. Likipita siku nzima usilivute wala kulifungia jiwe, mwite veterineri.

Jambo la kwanza la kumpa mama ni maji, ya uvuguvugu ikiwezekana, na atakunywa mengi kuliko unavyodhani.

Hatua ya nane: dang'a, na saa inayokimbia

Maziwa yanayotoka kwanza, yale mazito ya manjano, ni dang'a. Ndama anazaliwa bila kinga mwilini kwa sababu kondo la ng'ombe haliruhusu kinga ya mama kupita. Kinga yote ipo humo, na utumbo wa ndama unaweza kuipokea kwa muda mfupi tu: unaanza kufunga mlango saa chache baada ya kuzaliwa, na baada ya saa 24 umefunga.

Hesabu yake ni asilimia kumi ya uzito. Ndama wa kilo 30 apate lita tatu ndani ya saa sita za kwanza, mapema kadiri anavyoweza kusimama, na nyingine mbili kabla siku haijaisha. Asipoweza kunyonya, mkamue mama umpe kwa chupa safi. Akizaliwa saa nane za usiku, ni saa nane hizo hizo. Kufika asubuhi ni kuchelewa.

Dang'a huendelea kubadilika kwa siku nne au tano mpaka maziwa yawe ya kawaida. Usiyachanganye na ya kuuza. Yakichemshwa yanaganda kwenye sufuria, na mama muuza maziwa wa soko la Virunga atakayeharibikiwa bido (dumu) nzima kwa ajili ya lita mbili zako hatakusahau. Wanunuzi wazoefu huuliza kabla ya kuonja:

"Papa, huyu ng'ombe alizaa lini?"

"Juzi, Mama."

"Basi urudi wiki ijayo."

Na yeye yuko sahihi.

Hatua ya tisa: kukamua mara ya kwanza

Kutengenezwa kwa maziwa ni jambo moja, kuachiliwa ni jingine. Ng'ombe anapoguswa kiwele kwa upole au kumwona ndama, ubongo hutoa homoni ya oksitosini ambayo hubana vifuko na kusukuma maziwa chini. Inachukua dakika moja hivi kufika, na nguvu yake huisha baada ya dakika chache. Akiogopa, homoni ya hofu huifunga njia. Kwa hiyo fimbo, mbwa, kelele za pikipiki au milio ya risasi ya usiku uliopita vyote hupimwa asubuhi ndani ya ndoo.

Nawa mikono, osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kikaushe kwa kitambaa safi. Kamua matone machache ya kwanza kutoka kila chuchu kwenye kikombe cheusi; ukiona madonge, damu au maji maji, chuchu hiyo ina ugonjwa, ikamuliwe mwisho na kando. Dakika moja tangu umguse, anza kukamua kwa kubana kutoka juu kwenda chini, si kwa kuvuta, na umalize ndani ya dakika saba. Chovya chuchu kwenye iodini ya kiwele, halafu mpe majani ili abaki amesimama nusu saa, kwa sababu tundu la chuchu bado liko wazi.

Ankole na chotara wengi hawaachii maziwa bila ndama. Mwache ndama anyonye kidogo kwanza, mtoe, kamua, umrudishie apate yaliyobaki. Wapo wanaochoma sindano ya oksitosini kila asubuhi ili kumlazimisha. Achana nayo: baada ya muda mfupi ng'ombe hataachia bila sindano.

Amezaa, na maziwa hayaji

Mtamba mwenye kiwele kilichojaa na kigumu, ambaye hutoa matone tu, kwa kawaida ni hofu na uvimbe. Kanda maji ya moto, mkaribishe ndama, kamua mara tatu au nne kwa siku, na siku chache zitatosha. Kiwele kikiwa kimelegea na kitupu, tatizo liko nyuma: njaa ya miezi ya mwisho, au alizaa kabla ya wakati. Chakula kitarudisha kiasi, si yote.

Ng'ombe mzoefu, hasa kuanzia uzao wa tatu, anayeanguka ndani ya siku tatu baada ya kuzaa, masikio baridi, shingo imepinda kuelekea ubavuni, amepungukiwa kalsiamu ghafla kwa sababu maziwa yameinyonya damuni. Hii ni ya saa, si ya siku. Veterineri atamtia kalsiamu kwenye mshipa polepole na mara nyingi atasimama mbele ya macho yako. Usimmiminie dawa wala uji mdomoni akiwa amelala. Vitaingia kwenye mapafu.

Na kuna sababu ya aibu kuliko zote, ambayo ni maji. Kwa kila lita ya maziwa ng'ombe huhitaji lita tatu hadi nne za maji juu ya yale ya kumweka hai. Anayetoa lita nane anahitaji kama bido tatu za lita 20 kwa siku. Goma tunaishi juu ya lava isiyoshika maji. Tunakunywa ya mvua, ya gari na ya ziwani yanayopandishwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Kama huna uhakika wa bido hizo, usinunue ng'ombe wa lita nyingi. Kwa hali hiyo chotara wa lita tano atakuingizia zaidi kuliko Friesian anayekauka.

Miezi inayofuata

Maziwa hupanda kila wiki mpaka kilele, kati ya wiki ya nne na ya nane, kisha hushuka taratibu. Msimu wa kawaida ni siku 305 hivi. Ankole humwachia mfugaji lita moja hadi tatu kwa siku baada ya ndama kunyonya. Chotara aliyelishwa vizuri hutoa tano hadi kumi. Mtamba wa uzao wa kwanza hutoa kama robo tatu tu ya atakayotoa akikomaa, kwa hiyo usikimbilie kumuuza kwa sababu jirani ana ng'ombe wa lita kumi. Muulize huyo jirani ng'ombe wake yuko uzao wa ngapi.

Yachemshe kabla ya kunywa, hata ya ng'ombe unayemwamini, na hata yale unayotaka kugeuza mashanza (maziwa ya kuganda). Bruselosi na kifua kikuu havibadilishi rangi ya maziwa. Aliyetibiwa kwa antibiotiki, maziwa yake yasiuzwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zipite. Watengenezaji wa fromaji (jibini) ya Masisi hulijua jambo hili kwa uchungu, kwa kuwa antibiotiki kidogo tu huua vijidudu vinavyogandisha maziwa, na pipa lote linakataa.

Baada ya siku 45 anza tena kumtazama joto, na kuanzia siku ya 60 mpandishe, hata kama maziwa yako kileleni na moyo unakuambia ungoje. Aliyezaa 15 Desemba awe amepandishwa kuanzia katikati ya Februari. Akishika mimba hapo, utamkausha karibu 21 Septemba, na Novemba atazaa tena.